Wananiita "Sindano"

*Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Eastlands. Tulihamia Kayole kutoka Siaya mwaka jana. Muhula uliopita niliposoma kifungu darasani nilitamka "sindano la mbio" badala ya "shindano". Darasa zima lilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo jina langu ni Sindano, hata kwenye foleni ya chakula. Wanasema nashrabu, yaani lugha ya nyumbani inaingilia matamshi yangu. Siku hizi siinui mkono darasani. Mama anauza omena stejini na huniita kwa Dholuo nikipita, kwa hiyo napitia ng'ambo ya barabara. Je, nirudi Siaya nikakae na nyanya? — O.K., Kayole*

Marahaba, mwanangu O.K. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na sikuona mahali ulipochanganya s na sh. Kalamu yako inaijua tofauti. Kilichobaki ni ulimi kuifikia kalamu, na ulimi hufundishika.

Kicheko kile

Pole. Kuchekwa na darasa zima ukiwa umesimama na kitabu mkononi hakusahauliki upesi, na sitakuambia upuuze.

Mimi nimelelewa Shauri Moyo. Shule niliyosomea ilikuwa na kibao tulichokiita diski. Ukisikika ukisema lugha ya nyumbani ulivalishwa shingoni, ukatembea nacho hadi umnase mwenzako umpokeze. Jioni aliyekuwa nacho alichapwa. Siku moja nilikuwa nacho, na rafiki yangu akaninong'oneza kwa Kikamba kwamba kamba ya kiatu changu imefunguka nisije nikaanguka. Nilimvisha diski. Hatukuongea tena kama zamani, na hadi leo nikifunga viatu humkumbuka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga Mei 2025, aliieleza adhabu ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Nilipokisoma nikiwa tayari mwalimu, nilikifunga nikatoka nje kupunga hewa.

Nakusimulia haya ili uwaelewe wenzako. Aliyekuwa na diski alimtafuta wa kumpa. Anayekuita Sindano leo ana neno lake analoogopa kulitamka, l na r labda, au b inayotoka kama p, na maadamu macho ya watu yako kwako, hakuna atakayelisikia la kwake.

Ulimi

Dholuo haina sauti ya sh. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo husema s kwa sababu ndiyo jirani wa karibu, wala si kwa uzito wa akili. S hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa karibu na ufizi. Kwa sh, urudishe ulimi nyuma kidogo kuelekea kaakaa gumu, midomo ijitokeze kama anayemnyamazisha mtoto: shhh. Ukiulizwa katika karatasi ya lugha utaje kikwamizo cha kaakaa gumu, wewe utakuwa umekisomea kinywani mwako.

Kila jioni tenga dakika kumi. Saba, shaba. Soka, shoka. Suka, shuka. Sindano, shindano. Kisha sentensi hii, polepole: "Shangazi alishona shuka kwa sindano siku ya shindano." Tafuta mtu akusikilize, maana sikio lako peke yako litakudanganya. Na uzingatie kwamba Dholuo imekupa th na dh, ulimi wako umezoea kugusa meno. Nimefundisha wengi waliosema "zahabu" badala ya "dhahabu" na "samani" badala ya "thamani" mpaka wakamaliza shule.

Kuhusu mtihani, KCSE haina karatasi ya Kiswahili inayopima lafudhi. Insha ina alama 40, lugha 80, fasihi 80, na zote huandikwa. Hatari iliyopo ni kwamba anayetamka "samba" siku moja ataandika "samba" badala ya "shamba", na hijai mbaya humpunguzia alama. Kwa ajili hiyo fanya mazoezi. Usiyafanye kwa kumwogopa mtu.

Sheng yao

Usiichukie Sheng wanayoongea wenzako. Imezaliwa mitaani mwetu huku, katika makazi kama yale ya Kaloleni na Makongeni, watoto wa Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya walipocheza pamoja wakakopana maneno. Anayekucheka akimwita mzungu "odiero", anasema Dholuo. Akitumwa omena dukani, anasema Dholuo. Akienda ushago kwao, neno hilo limetoka kwa Wakikuyu. Jifunze Sheng ucheze mpira nao, na uiache mlangoni unapoandika insha.

Kurudi Siaya

Sikushauri. Mwaka ujao ni wa mtihani, na kuhama sasa ni kuanza upya na walimu wasiokujua. Tena huko wengi watatamka kama wewe, kwa hiyo hutachekwa wala hutarekebishwa, na tatizo utaingia nalo chumba cha mtihani. Kwa nyanya nenda likizo.

Kinachonitia hofu zaidi ni mkono usioinuka. Mwalimu akiona kijana kimya wiki sita, hudhani hajui. Huacha kumuuliza. Kijana naye huona hata mwalimu amemkatia tamaa, na hivyo wanapoteana katika chumba kimoja. Nimewahi kuwa mwalimu huyo, na nilijua muhula ukiisha. Mwendee mwalimu wako wa Kiswahili wakati wa mapumziko, mweleze ulivyonieleza. Mwombe akupe mapema kifungu cha wiki ijayo, ukisome nyumbani mara tano, halafu ujitolee kukisoma darasani. Huenda wakacheka tena. Maliza kifungu.

Mama yako

Hapa sitakubembeleza, O.K. Unavuka barabara ili mama yako asikuite. Unadhani haoni? Mwanamke anayesimama stejini tangu asubuhi, macho yake yakihesabu kila matatu inayosimama, anajua saa ya mwanawe kupita. Ameshaona. Amenyamaza kwa sababu hataki kukuaibisha, na omena hiyo ndiyo inayolipa karo unayotaka kuikimbia.

Najua mambo haya yanakofika. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima wenye watoto, wamesimama matangani ushago mbele ya wazee wa ukoo, wakihitaji mtu wa kuwatafsiria sifa za marehemu baba yao. Walianza kama wewe, kwa kupita ng'ambo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili. Lakini serikali haitafika stejini Kayole kumjibu mama yako. Ni wewe.

Kesho ukitoka shule pita upande wake. Vaa sare yako, na wenzako wawepo kama watakuwepo. Msalimie kabla hajakuita: "Oimore, mama." Kisha ushike gorogoro umpimie mteja mmoja wakati yeye anapumzisha miguu.