Minyoo ya Barua Pepe na Ufa wa Kivinjari

Minyoo ya tumboni haiingii mwilini kwa njia moja. Mayai ya askaris sharti yamezwe, pengine kwa mboga zisizooshwa. Mabuu ya safura hayangoji mdomo, bali hupenya ngozi ya nyayo za anayetembea pekupeku. Minyoo ya kompyuta, yaani programu zinazojinakili zenyewe na kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine, nayo ina njia zinazofanana na hizo. Mhudumu wa afya asiyezitofautisha hujikinga nusu tu.

Njia ya kwanza inajulikana zaidi. Tarehe 4 Mei 2000 mnyoo ulioitwa ILOVEYOU, uliotokea Ufilipino, ulianza kuenea duniani kwa barua pepe iliyojidai kuwa ya mapenzi. Ulihitaji mkono wa binadamu: mpokeaji asipokifungua kiambatisho, mnyoo hauna pa kuingilia. Ushauri wa kutofungua kiambatisho kisichotarajiwa ulikuwa sahihi, na ungali sahihi.

Nimda, uliogunduliwa tarehe 18 Septemba 2001, haukuusubiri mkono huo. Programu ya barua pepe ya Outlook ilitegemea kivinjari cha Internet Explorer kuonyesha barua zilizoundwa kama kurasa za mtandao. Hivyo ufa wa kivinjari ukawa ufa wa barua pepe pia. Barua ya Nimda ilibeba faili lililoitwa readme.exe, nalo lilitambulishwa kwa kivinjari kuwa ni faili la sauti. Matoleo ya 5.01 na 5.5 yasiyosahihishwa yaliuamini utambulisho huo, yakalifungua faili ili lisikike, na papo hapo programu iliyofichwa ikaanza kazi. Ndivyo afanyavyo mfamasia anayetoa chupa kwa kusoma lebo tu, ilhali ndani mna kitu kingine. Kuisoma barua kulitosha kuambukizwa. Hata kuichungulia katika kidirisha cha hakiki kulitosha.

Baada ya hapo mnyoo ulikusanya anwani zilizomo katika mashine, ukajituma kwa wenyewe, na kurudia kazi hiyo kila baada ya siku 10. Tena ulijinakili katika mafaili yanayoshirikiwa ofisini, ukashambulia seva za tovuti na kuzifanya zimwambukize kila mgeni mwenye kivinjari chenye ufa uleule. Mtu ambaye hakupokea barua yoyote aliweza kuupata kwa kufungua ukurasa aliouzoea.

Masahihisho ya ufa huo Microsoft ilikwisha kuyatoa tarehe 29 Machi 2001, karibu miezi sita kabla ya mlipuko. Chanjo ilikuwapo; mashine nyingi hazikuchanjwa.

Hospitali zililipa gharama ya uzembe kama huo miaka 16 baadaye. Mnyoo wa WannaCry, uliozuka tarehe 12 Mei 2017, ulipitia ufa wa Windows yenyewe, si kivinjari, lakini masahihisho yake nayo yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla. Huko Uingereza inakadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 iliahirishwa, na katika maeneo matano wagonjwa wa dharura walilazimika kusafiri mbali zaidi kupata huduma. Anayedhani usalama wa kompyuta ni kazi ya fundi peke yake hana budi kuwafikiria wagonjwa hao.

Katika kituo cha afya, basi, swali la kwanza kwa mashine ya mapokezi au ya maabara si nani anaifungua barua gani, bali kivinjari chake kilisahihishwa lini. Internet Explorer 11 iliacha kuhudumiwa katika matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Mashine inayoendelea kuitumia mtandaoni inatembea pekupeku. Masahihisho yaruhusiwe kuingia yenyewe, na mashine izimwe na kuwashwa upya yanapodai hivyo, hata kama foleni ni ndefu. Mgonjwa anayepokea barua asiyoitarajia kwa jina la kituo apige simu kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi yake, si ile iliyomo katika barua.

Mashine ikishukiwa, waya wa mtandao uchomolewe na Wi-Fi izimwe kabla ya fundi kuitwa. Majibu ya maabara yaandikwe katika rejista ya karatasi. Walio katika orodha ya anwani za mashine hiyo waarifiwe kwa simu, maana barua pepe nyingine kutoka humo ndiyo hasa inayopaswa kuogopwa.