Aliyesafiri ni mtoto

"Shikamoo Bibi. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka mitano, tunaishi hapa Tanga. Tangu nilipotoka eda tuna kawaida yetu. Kila Ijumaa usiku natandika mkeka sebuleni, nakaanga bisi, tunaangalia filamu ya watoto mimi na yeye. Hakuna ninachokipenda kama kumtazama anavyocheka. Mdogo wangu katuletea ile ya Simba kwenye flashi. Pale baba yake Simba anapokufa nachukua rimoti naruka mbele, maana najua mtoto atalia. Mwezi uliopita akaniuliza, 'Baba yake yule simba yuko wapi?' Nikamwambia amesafiri. Toka siku hiyo filamu ikiisha hataki nizime. Anakaa mbele ya TV mpaka majina yote yapite, skrini inakuwa nyeusi, anasema tumsubiri. Nikizima analia mpaka anatapika. Baba yake hayupo tangu mwaka jana, lakini hilo ameshalizoea, hata haulizi. Siku ile alikuwa kwa shangazi yake Pongwe, na aliporudi mama mkwe akashauri tumwambie amesafiri ili tusimvunje moyo. Je, hizi filamu zinamharibu? Nimtafutie katuni zisizo na huzuni, au TV niifungie kabatini?"

Mama Mwenye Wasiwasi, Tanga

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole naitanguliza kwa sababu huko mbele nitakuwa mkali.

Barua yako ilikuwa kurasa tatu. Nimeipunguza: jirani anayesema mtoto ana jini nimemtoa, na mambo ya fundi wa TV nayo nimeyatoa. Niliisoma mara ya kwanza nikaona ni barua ya katuni. Niliporudia nikashika kalamu nikaanza kusaka neno moja. Neno "kufa" umeliandika mara moja tu katika kurasa zote tatu, na umeliandika juu ya simba wa kuchorwa. Mumeo umemwandikia "hayupo". Lisingekuponyoka lile neno eda, mpaka sasa ningedhani yuko Muscat anatafuta riziki. Umekaa eda miezi minne na siku kumi, umetoka, unapika, unacheka na mwanao, na bado kalamu yako ikifika pale inaruka. Inaruka kama unavyoruka na rimoti.

Maswali yako nitayajibu upesi. Filamu haijamharibu, ilipotoka Marekani mwaka 1994 iliruhusiwa kwa watu wa rika zote, na watoto wengi wameilia wakanyamaza wakaomba irudiwe. Katuni za upole zipo, ile Akili and Me inayotengenezwa Dar es Salaam inamfaa kabisa kwa umri wake. Kutapika kwa ajili ya kulia kukiendelea, mpeleke kwa daktari wa watoto. TV iache ilipo.

Sasa tuzungumze.

Unasema habari ya baba yake ameshaizoea, hata haulizi. Mwanangu, ameuliza. Amekuuliza mwezi uliopita, juu ya mkeka, bisi mkononi: baba yake yule simba yuko wapi? Mtoto wa miaka mitano akiona jambo linakwepwa na nyumba nzima, hulipitishia pengine. Wako alilipitishia kwa simba. Nawe ukamjibu kwa neno lilelile alilopewa aliporudi kutoka Pongwe. Akaunganisha. Na aliyesafiri si hurudi? Shangazi akisafiri, keshokutwa yuko mlangoni na kikapu cha machungwa. Ndiyo maana mwanao anakaa mbele ya skrini nyeusi. Wewe umeona ukaidi. Mimi naona mtoto mtiifu anayefanya hasa alichoambiwa na wakubwa wake: anasubiri.

Hebu itazame hiyo filamu kwa macho yake. Wewe unaporuka, anaona nini? Dakika hii simba mdogo yuko na baba yake, wanachezeana, wanatazama nyota. Dakika inayofuata mtoto yuko jangwani peke yake, kazimia, ndege wala mizoga wanamzunguka. Hakuna aliyemwambia imekuwaje. Baba katoweka kati ya picha na picha. Umemkatia mwanao filamu ikatoka sawasawa na maisha yake.

Kipande unachokiruka nakijua vizuri, nimekitazama na wajukuu zangu zaidi ya mara tano. Nyumbu wanashuka bondeni, Mufasa anamwokoa mwanawe, ndugu yake mwenyewe anamsukuma kutoka juu. Vumbi linatulia. Mtoto anamkuta baba kalala. Anamsukuma kwa kichwa. Anamvuta sikio. Haamki. Mwisho anajipenyeza chini ya mkono wake, akajilaza. Siku ya kwanza mjukuu wangu wa kike, naye alikuwa na miaka mitano, aliinuka akaenda kuigusa runinga pale kwenye sikio la simba. Kisha akageuka. Filamu inaendelea nyuma yake, muziki unalia, yeye hana habari nayo, ananitazama mimi usoni. Alikuwa anataka kujua kitu kimoja: bibi anaogopa? Nilikuwa na machozi, nikayaacha yashuke, nikamwambia, "Amekufa. Inaumiza." Akarudi, akakaa mapajani, akaniuliza kama simba huzikwa. Tukalizungumza hilo la kuzikwa kwa simba mpaka filamu ikatuacha.

Unaniambia unapenda kumtazama mwanao anavyocheka. Na kulia kwake umtazame. Kicheko chake unakipokea kwa mikono miwili, kilio chake unakiwahi kwa rimoti kabla hakijafika, na yeye ameliona hilo siku nyingi.

Lipo jingine katika kipande kile ambalo ningependa ulisikie kwa makini. Baada ya kifo, yule ami mbaya anamwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Mtoto anaamini, anakimbia, anakua ugenini akijificha na kosa lisilo lake. Sasa turudi Pongwe. Siku ile ya maziko baba alikuwa nyumbani kwenu, anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, watu wamejaa uani. Aliyetiwa kwenye daladala na begi lake mgongoni alikuwa mtoto. Katika nyumba ile aliyesafiri ni yeye! Aliondoka baba yupo, akarudi baba hayupo. Watoto wa umri huu hujilaumu kwa vitu vidogo sana: nisingekwenda, nisingegoma kula, nisingepiga kelele baba alipokuwa amelala. Kama mwanao anabeba kitu kama hicho, hajapata pa kukitua, kwa sababu kwenu hakuna kilichotokea. Mtu kasafiri tu.

Usidhani nakuonea. Mtafiti mmoja wa Hungaria, Maria Nagy, aliwauliza watoto wa huko juu ya kifo, akachapisha aliyoyapata mwaka 1948. Wale wadogo, wa miaka mitatu hadi mitano, walikiona kifo kama kuondoka au kulala: aliyekufa yupo mahali, ila kwa sasa haonekani. Yaani hata akiambiwa ukweli mtupu, mtoto wa umri huo tayari anaelekea kudhani ni safari. Halafu sisi wakubwa tunakuja kumthibitishia.

Na mimi nilithibitishiwa. Nilikuwa na miaka sita bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alipofariki. Nikaambiwa kaenda Muheza. Nilikuwa natoroka kwenda stendi kuwatazama wanaoshuka kwenye mabasi ya Muheza. Wanawake wenye kanga kama yake nilikuwa nawafuata mpaka wageuke. Nilijua nikiwa darasa la pili, kutoka kwa mtoto mwenzangu, tukiruka kamba. Sikulia. Nilikwenda nyumbani nikawatazama wakubwa usoni mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wote walikuwa wakijua. Kwa miaka mingi baada ya hapo sikumwuliza mama yangu jambo lolote la maana. Sikuona faida. Mpaka leo, nami nina wajukuu, basi likisimama Muheza siwezi kukaa bila kuchungulia dirishani.

Najua utasema, lakini ni mdogo. Watengenezaji wa kipindi cha watoto cha Sesame Street kule Marekani walikuwa na watazamaji wadogo kama mwanao. Desemba 1982 mwigizaji wao Will Lee, mzee mwenye duka katika kipindi kile, alifariki. Wangeweza kutafuta mwigizaji mwingine, au kusema mzee amestaafu akahamia mbali. Wakakaa na wataalamu wa watoto, na tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ambayo wazazi wako nyumbani, wakarusha kipindi ambamo yule ndege mkubwa wa manjano amewachora rafiki zake wote na anawagawia picha zao. Inabaki moja mkononi, ya yule mzee. Anataka akampe. Wakubwa wanamwambia amekufa, hatarudi. Naye anauliza maswali ya mtoto: nani atakuwa ananitengenezea kinywaji changu? Nani atanisimulia hadithi? Waigizaji wale walilia kweli mbele ya kamera, maana mzee alikuwa mwenzao, na watoto wakaona kwamba wakubwa wanaweza kulia na bado wakawepo.

Sisi hatukuhitaji kufundishwa hayo na televisheni. Misiba ya utotoni mwangu watoto tulikuwemo. Tulichota maji, tulipanga viatu vya waombolezaji, tuliona jeneza likitoka, tulipewa ubwabwa. Mimi kwa bibi yangu nilifichwa kwa sababu nilikuwa kipenzi chake, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba waliniondoa kwa huruma. Siku hizi huruma hiyo imeenea. Msiba ukiingia, watoto hukusanywa kwanza wapelekwe kwa jirani mwenye TV kubwa. Wanarudi wanakuta turubai linakunjwa na hakuna anayewaeleza lilikuwa la nini. Nalipinga hili na nitalipinga maadamu napewa nafasi katika gazeti hili. Mtoto aliyempenda mtu ana haki ya kumlilia pamoja na wenzake.

Sasa mama mkwe. Usiende kumwambia kwamba gazeti limemkosoa. Nenda kwake, kaa chini, mshike mkono. Yule ni mama aliyemzika mwanawe. Neno "amesafiri" huenda alilisema kwa ajili ya mjukuu, na huenda alilihitaji yeye. Mwombe ruhusa, mwombe na awepo siku ya kumwambia mtoto, au awepo baba yake mdogo, mtu mwenye damu ya marehemu.

Mwambieni mchana, tumbo limeshiba, muda upo. Usingojee saa ya kulala. Tumia neno lenyewe: baba alikufa. Mweleze maana yake, kwamba mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hawezi kurudi hata akitaka. Usiseme amelala, ataogopa kufumba macho. Ya Mwenyezi Mungu myaseme kwa imani yenu, ila yafuate baada ya neno hilo, yasilizibe. Kisha umwombe radhi mwanao: tulikwambia amesafiri, tulikosea. Na umwambie bila kungoja aulize kwamba hakuna alichofanya, wala alichoacha kufanya, kilichomuua baba. Baba mdogo ampeleke kaburini aone mahali. Atakuuliza maswali yaleyale siku kumi, kisha katikati ya swali ataomba mpira akacheze. Usishtuke, mpe mpira.

Ijumaa itakayofuata tandika mkeka, weka filamu, na rimoti mpe yeye aishike. Msiruke kitu. Nakuonya sehemu moja, mbele kidogo, pale yule nyani Rafiki anapompeleka Simba bwawani ajitazame majini, halafu Mufasa akatokea mawinguni. Hapo mwanao anaweza kusimama akasema, "Si huyo amerudi!" Usikatae kwa pupa. Mwonyeshe kwamba baba yule hakushuka chini, na Simba alirudi nyumbani peke yake. Mwambie Simba alikuwa anamkumbuka. Kisha muulize yeye anakumbuka nini cha baba yake, na wewe mweleze unachokumbuka, uanze na jina. Katika kurasa zako tatu nimelitafuta jina la mumeo sikuliona. Niandikie tena mwanangu, uniambie alikuwa anaitwa nani.