AFYA YAKO: Maandishi ya Bahasha ya Dawa
Ndugu msomaji wa Ihanda, bahasha ya dawa ikiandikwa 2x3, 5/7, maana yake ni hii: meza vidonge 2, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Jumla ni vidonge 30. Ile 7 ni siku za juma. Vivyo hivyo 2/52 ni majuma 2, na 3/12 ni miezi 3. Anayedhani ni vidonge 2 kwa siku 3 huenda asipone.

Herufi nyingine zatoka katika Kilatini. BD ni mara 2, kila saa 12. TDS, mara 3, kila saa 8. PRN, inapohitajika tu. STAT, sasa hivi.

Kabla ya kuondoka dirishani, hesabu vidonge. Hesabu isipolingana, uliza. Kuuliza si aibu.