Kusindikizwa: mshauri nasaha wa Beni na Butembo hufanya nini

Mtu akisikia neno mshauri, hutegemea kupewa shauri. Anaketi, anaeleza shida yake, anangoja aambiwe la kufanya. Ndiyo maana wengine hutoka mazungumzo ya kwanza wamevunjika moyo: wamesikilizwa saa nzima, wameulizwa maswali machache, jibu hawakupewa. Mshauri hakukosea. Kazi yake inafanana na tunavyomtendea mgeni anapoaga: tunamsindikiza hadi kona ya njia tukizungumza polepole, kisha anaendelea kwa miguu yake.

Wanaohitaji kusindikizwa hivyo ni wengi kwetu, mashariki mwa Kongo. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa kwa mapanga na risasi Beni, Oicha, Eringeti na mashambani. Ebola ikaja juu ya hayo. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na kati ya wagonjwa 3,470 waliohesabiwa, 2,287 walifariki. Zipo nyumba zilizopigwa na yote mawili.

Baada ya pigo kama hilo, kukosa usingizi, kushtuka pikipiki ikipita usiku, kufokea watoto bila sababu au kuumwa kichwa na tumbo ambavyo vipimo havioni kitu si wazimu, wala si kukosa imani. Kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe wakirudi kazini na kukaa na watu wao. Ikizidi mwezi na bado huwezi kulima, kuuza au kulea, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mhudumu wa kisaikolojia. Anayesema heri afe apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Aliyebakwa aanzie hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifanyi kazi zikichelewa. Mazungumzo yanaweza kungoja.

Mazungumzo ya kwanza yafanyike mahali ambapo jirani hasikii. Hulazimiki kusimulia usiku wa mauaji. Mshauri mwema hachokonoi kidonda kibichi. Huanza na la leo: unalala wapi, umekula nini, nani wa ukoo hajulikani alipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu msaada wa kwanza wa kisaikolojia una hatua tatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Ya tatu ndiyo husahaulika, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu mama asiye na godoro hatatulizwa na maneno. Ukikuta siri yako imefika kanisani au sokoni, una haki ya kudai mshauri mwingine.

Je, kuzungumza kunaponya kweli? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika vijiji vya mashariki mwa Kongo. Waliopata vikao 12, karibu vyote vya kikundi, wakijifunza kuyapima mawazo kama "ni kosa langu", walipata nafuu kubwa kuliko waliopata msaada wa kawaida, na miezi sita baadaye nafuu ilikuwepo bado. Walioviongoza vikao hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kongo wenye miaka kadhaa ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri.

Lakini kinachonigusa zaidi ni walezi wa wakati wa Ebola. Beni na Butembo, kando ya vituo vya matibabu, zilifunguliwa nyumba za watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Watu waliogopa kuwashika. Waliowabeba, wakawanywesha maziwa na kuwabembeleza usiku ni wanawake waliopona Ebola wenyewe, ambao miili yao ilikuwa na kinga. Huko mtaani walikuwa wakikimbiwa. Hapa mtoto alinyamaza akiwa kifuani mwao tu. Basi mshauri wako akikuuliza, wiki ya nne au ya tano, ni nani anakuhitaji, usidhani amebadilisha mada.

Vikao vya mwisho huachana: wiki mbili, kisha mwezi. Utaulizwa utamwita nani hofu ikirudi saa nane za usiku. Uwe na jina tayari, na mwenye jina hilo awe amekubali.