SOMO LA NENO: DHAMANA



Mtu akiteuliwa kushika kazi ya umma, watu husema maneno mawili yaliyo mbalimbali. Katika hotuba husemwa, "Amepewa dhamana." Barazani husemwa, "Ameula!" Leo tulitazame lile neno la kwanza, kwa maana wengi hulitamka bila kulipima.

Neno lenyewe

Dhamana ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo kwetu lina kazi tatu. Mahakamani, mshtakiwa huachiwa kwa dhamana: mdhamini hutia sahihi kwamba mtu huyu atafika siku ya kesi, na asipofika mdhamini huulizwa, hata kutozwa fedha aliyoahidi. Katika mkopo, mtu huweka shamba au nyumba iwe dhamana. Asipolipa, mali ile huenda. Katika utawala, husemwa "waziri mwenye dhamana ya maji", yaani ndiye atakayeulizwa juu ya maji.

Kazi ni tatu, lakini mzizi ni mmoja. Kila mahali pana haki ya mtu mwingine, pana mtu aliyejifunga kwa ajili ya haki hiyo, na pana siku ya kuulizwa.

Mfano wa Yuda

Someni Mwanzo 43 na 44. Yuda alimwambia baba yake kwamba yeye atamdhamini Benyamini katika safari ya Misri, na asipomrudisha, lawama iwe juu yake siku zote. Kikombe kilipoonekana katika gunia la Benyamini, Yuda angaliweza kusema, "Si mimi niliyekitia." Hakusema hivyo. Aliomba abaki yeye kuwa mtumwa, kijana arudi kwa baba yake. Kikombe hakukiiba, lakini dhamana ilikuwa yake.

Basi kosa ni jambo moja, na dhamana ni jambo jingine. Katikati ya miaka ya 1970 watu waliokamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu. Hata hivyo alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania.

Cheo na mlo

Wanachama wa TANU walifundishwa kwamba cheo ni dhamana, wala si chombo cha kujifaidia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawawekea viongozi miiko: wasiwe na mishahara miwili, wasimiliki nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watoe tamko la mali zao.

Lakini sheria peke yake haitoshi, ikiwa sisi nyumbani tunasema, "Mtoto wetu ameula, sasa atukumbuke." Anayeula hutazama sahani, mwenye dhamana humtazama mwenye mali. Mara nyingi wa kwanza kumvunjia kiongozi dhamana yake ni jamaa zake, wanaomwomba kazi, kiwanja au gari la ofisi kwa ajili ya arusi.

Wala dhamana si ya mawaziri tu. Mwenyekiti wa kijiji anayo, mjumbe wa kamati ya maji anayo, na mweka hazina wa chama cha kuzikana anayo. Nasi tusioshika cheo tunao wajibu wetu: kwenda mkutanoni na kuuliza mapato na matumizi. Kuuliza si uadui. Mdhamini asiyeulizwa husahau kwamba amedhamini.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika kijiji au mtaa wako, ni nani mwenye dhamana ya fedha za watu, na mara ya mwisho alisoma hesabu lini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kiongozi asemaye "Si mimi niliyefanya" na yule asemaye "Ni juu yangu"?
3. Jamaa yako akipata cheo, utamwomba nini, na nini hutamwomba?