Tembo wa kale walifikaje visiwani?

Swali: Mifupa ya tembo wa kale imepatikana katika visiwa vingi. Je, wote walivuka kwa miguu?

Jibu: Hapana. Enzi ya barafu maji mengi yaliganda juu ya nchi kavu, na usawa wa bahari ukashuka takriban mita 120. Penye kina kidogo, sakafu ya bahari iligeuka nchi kavu na wanyama wakapita. Ndivyo ilivyokuwa kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia: mamothi, jamii ya tembo wa kale, walikuwa wakilisha huko bahari ilipopanda na kuwatenga na bara, wakadumu hadi miaka 4,000 hivi iliyopita. Lakini penye kina kirefu, mita 120 hazitoshi kitu.

Swali: Wapi, kwa mfano?

Jibu: Pwani ya California. San Miguel, Santa Rosa, Santa Cruz na Anacapa viliwahi kuwa kisiwa kimoja kikubwa, Santarosae, ila mkondo unaokitenga na bara haukukauka. Ulibaki na upana wa kilomita 7 hivi. Hata hivyo mamothi walifika. Mwaka 1994 mifupa ya mmoja wao, karibu yote, iligunduliwa Santa Rosa. Kwa miaka mingi wataalamu walilazimisha kuwepo kwa daraja la nchi kavu kwa sababu tu hawakumdhania tembo kuwa mwogeleaji. Mwanajiografia Donald Johnson ndiye aliyekusanya ushahidi kuhusu tembo wa leo: mwili unaelea, mkonga unainuliwa juu ya maji kuvuta hewa, na safari inaendelea. Kwangu mimi hoja yake ilimaliza ubishi.

Swali: Tutatofautishaje waliotembea na walioogelea?

Jibu: Angalia walikuwa na nani. Njia ya nchi kavu haichagui. Akipita tembo, atapita na simba na fisi. Sasa tazama kisiwa cha Kipro, ambako mtafiti Dorothea Bate alichimbua mifupa ya tembo wadogo mwaka 1902. Wanyama wakubwa wa kale huko walikuwa wawili tu, tembo na kiboko. Wote wawili hawaogopi maji.

Swali: Mbona walikuwa wadogo?

Jibu: Malisho yalikuwa haba na wa kuwawinda hakuwapo, kwa hiyo ukubwa ulikuwa mzigo. Tembo mmoja wa Sicilia alipokomaa alifika mita moja tu begani, ilhali mababu zake wa bara walikaribia mita nne.

Swali: Na visiwa vyetu?

Jibu: Kipimo ni kilekile. Bahari kati ya Unguja na bara ina kina cha makumi ya mita tu, kwa hiyo miaka 20,000 iliyopita Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imepatikana mifupa ya punda milia. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka enzi hiyo. Unguja ilikuwa na chui wake, Pemba haikuwa naye.