Hedhi Isiyokoma: Mume na Mke Wafanye Nini?

Injili ya Marko inatueleza juu ya mama aliyetokwa damu miaka 12, akawamalizia waganga mali yake yote bila kupona. Hapa kwetu Manyatta akina mama wa namna hiyo wapo. Mmoja huchuma kahawa huku akishikwa na kizunguzungu. Kanisani hukaa nyuma, akiogopa kuchafua benchi. Usiku humpa mumewe mgongo, naye mume hudhani amechukiwa. Ndivyo ugonjwa unavyogeuka ugomvi, kwa sababu hakuna aliyesema.

Dalili za kuangalia

Hedhi inayozidi siku 7, pedi inayolowa kila saa moja au mbili, mabonge makubwa ya damu, damu kati ya hedhi na hedhi au baada ya tendo la ndoa: hayo yote si ya kawaida. Mama aliyekwisha kukoma hedhi, kisha akaona damu, aende hospitali mara moja, maana yaweza kuwa kansa. Sababu nyingine ni uvimbe katika mji wa mimba, homoni zilizovurugika, mimba inayoharibika, au koili.

Matibabu

Daktari atapima damu na mimba, na kupiga picha ya tumbo. Akiwa na shaka atachukua kipande kidogo cha utando wa ndani wa mji wa mimba kikapimwe. Mara nyingi dawa hutosha: vidonge vya kupunguza damu, vya homoni, na vya madini ya chuma kwa aliyepungukiwa na damu.

Dawa zikishindwa, ipo njia ya kuunguza utando huo. Daktari hupitisha chombo chembamba ukeni hadi ndani ya mji wa mimba, akauunguza kwa joto au kwa umeme. Tumbo halipasuliwi, wala mji wa mimba hautolewi. Wengi damu hupungua, wengine hedhi hukoma kabisa. Lakini kuna ambao tatizo huwarudia, wakahitaji upasuaji baadaye. Si kila hospitali ina chombo hicho. Daktari wa akina mama atawaelekeza.

Jueni hili kabla ya kukubali

Tiba hii ni ya mama ambaye hataki kuzaa tena. Hata hivyo, haifungi uzazi. Mimba yaweza kushika, nayo itakuwa ya hatari: yaweza kuharibika, kutunga nje ya mji wa mimba, au kondo la nyuma kung'ang'ania.

Wengine huuliza, "Katekista, je, ni dhambi?" Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba matibabu ya lazima ya ugonjwa yanaruhusiwa hata kama yatazuia uzazi, mradi kuzuia uzazi kusiwe ndilo kusudi. Basi kumtibu mama anayeishiwa damu si dhambi.

Wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wafikiri mbele. Hedhi ikikoma, siku za kuanzia kuhesabu zimepotea, na dalili za mwili zaweza kubadilika. Mwulizeni daktari na mwalimu wa njia hiyo kabla ya matibabu, si baada yake.

Neno kwa mume

Baba, usimwachie mkeo aende peke yake kama anayeficha aibu. Mwambie, "Mama watoto, twende pamoja." Ingia naye kwa daktari, usikilize, uulize. Akirudi nyumbani, mpe nafasi ya kupumzika, wala usimharakishe kitandani.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, mume anajua hedhi ya mkewe huchukua siku ngapi?
2. Kama mama angekuwa mgonjwa leo, angeanza kumwambia nani?
3. Je, tumekwisha kukubaliana, sisi wawili, juu ya kuzaa tena?